Mabuibui Kumi na Moja ya Mangapwani

Kila nikipita Bububu mimi hupumua. Wenzangu ndani ya gari hudhani nimechoka na safari. Sijachoka. Pale Bububu niliwahi kukosa pumzi jioni moja, na tangu siku hiyo nikifika huvuta ya akiba.

Zamani zile, miaka minne hivi baada ya Mapinduzi, watu wa mjini tulikuwa tukienda mandari. Mandari ni kwenda kustarehe nje ya mji: unakodi gari, unapika tangu alfajiri, unabeba busati na chupa za chai, unakwenda kukaa kando ya jumba lililobomoka, unakula, unarudi kwako umechoka kuliko ulivyotoka, na unamwambia jirani kuwa umepumzika. Nimekwenda mandari nyingi. Iliyonipumzisha kweli ni moja, na hata hiyo ilinipumzisha wakati wa kurudi tu, tena kurudi kwa mara ya pili.

Nilikuwa nauza machungwa Darajani. Machungwa hayapimwi, yanahesabiwa: unakamata matano kwa mikono miwili, unayatupa kwenye pakacha, unataja. Wenye mashamba walikuwa watu wa dini, sala zao tano hawaziachi, lakini walikuwa na tabia ya kukuuliza hali ya mama yako pale pale unapofika arubaini, na ukishajibu wanaendelea kutoka hamsini. Kwa hivyo nilijifunza kuhesabu mara mbili, kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, halafu kutoka nyuma kuja mbele. Mara ya pili siitikii salamu ya mtu. Sokoni walinijua kwa tabia hiyo, na mimi nikaona ni sifa.

Mwaka huo nilikuwa nimepeleka posa Vikokotoni. Ami yake msichana alikubali, wajomba walikubali, na yeye mwenyewe, kwa habari nilizozipata kwa njia zangu, hakukataa. Lakini neno la mwisho halikuwa lao. Lilikuwa la shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na shangazi alikaa Pemba. Akaja kwa meli. Akakaa Vikokotoni siku kadhaa, akala, akalala, akatembelewa, na jibu hakutoa. Mama yangu alikwenda kila jioni kumwamkia.

"Kasemaje?" nikimuuliza akirudi.

"Kasema chai ina tangawizi nyingi."

Meli yake ya kurudi Pemba ilikuwa Jumatatu asubuhi. Ijumaa mama akaniambia, "Mpeleke mandari. Mtu ukishamtembeza, ukamlisha, huona haya kukukatalia."

Nikaenda kutafuta gari. Nilimpata dereva mmoja mwenye gari la mbao, lile lenye mabenchi marefu pande mbili yanayotazamana na kimlango nyuma, na kidirisha kidogo baina ya dereva na abiria. Tukapatana bei. Yaani yeye alitaja, mimi nikacheka, yeye akaapa, mimi nikaondoka, yeye akaniita, na tulipomaliza yeye alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa na mimi nilikuwa na furaha ya mchana mzima.

Jumapili asubuhi wakapanda wanawake kumi na mmoja. Watano wa kwetu, wakiongozwa na mama, sita wa Vikokotoni, wakiongozwa na shangazi. Msichana mwenyewe hakuwemo, bila shaka. Angekuwemo, hadithi hii ingekuwa fupi na ningekuwa nimefukuzwa mlangoni. Wote walivaa mabuibui meusi, yale ya kamba, na kwa sababu nilikuwepo mimi, na kwa sababu ya vumbi, walikuwa wamejifunika nyuso. Mimi ningekaa mbele na dereva, na kazi yangu ilikuwa ulinzi na maelezo.

Shangazi nilimtambua kwa umbo. Alikuwa mtu mpana, mfupi, na alikaa kwenye kona ya karibu na kidirisha kama aliyenunua gari.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye huyo anayehesabu?"

"Naam, Bi mkubwa. Kila kitu mara mbili."

"Hata chumvi?"

"Chumvi naikadiria kwa jicho. Lakini kibiriti nahesabu. Kuna kimoja kilipungua njiti, nikakirudisha dukani."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema "Alhamdulillahi" kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikajua nimeuza.

Tulisimama kwanza Maruhubi. Nikawashusha, nikawaonyesha nguzo za jumba la zamani, zimesimama safu safu bila paa, na birika lenye mayungiyungi.

"Nguzo hizi zimeshika nini?" shangazi akauliza.

"Hazijashika kitu, Bi mkubwa. Jumba liliungua."

"Basi zinangoja nini?"

Mtoni nilimwonyesha magofu ya kasri, madirisha wazi yanayotazama bahari. Nikaeleza habari za wafalme, mabinti zao, na tausi waliokuwa wakitembea uani. Akazunguka ukuta mmoja, akaugonga kwa kidole kama anayenunua chungu. "Kwetu Pemba, kule Pujini, kuta zimeanguka vizuri kuliko hizi," akasema, akarudi garini.

Kidichi ndiko nilikoweka tamaa yangu. Gari lilipanda kilima baina ya mikarafuu, tukafika kwenye hamamu aliyojengewa mke wa mfalme aliyetoka Uajemi, yenye makuba meupe na ndege na maua ya chokaa ukutani. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba mfalme alimpenda mkewe mpaka akamjengea pahali pa kuoga juu ya kilima, ili baada ya kuwinda apumzike. Nilikuwa nataka asikie neno "mkewe" na neno "alimpenda" pamoja.

"Alipanda mlima wote huu kuja kuoga?"

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Akishuka si keshatoka jasho tena?"

Nimeuliza watu wengi tangu siku hiyo. Hakuna mwenye jibu.

Kila mara tuliposimama na kuondoka nilihesabu. Kumi na mmoja. Dereva akaanza kuniimbia, "Bwana harusi, umesahau kuhesabu magurudumu!" Nikamwambia nimeshayahesabu, na moja linahitaji upepo.

Mangapwani tulifika adhuhuri imepita. Tukatandika busati kivulini, tukala: samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, ndizi mbivu. Shangazi nilimpelekea chungwa nililolimenya mwenyewe, likakatwa vizuri juu. Akalikataa. Akasema machungwa yanamletea kiungulia. Mama alinitazama kwa mbali, nikaona macho yake yanahesabu saa zilizobaki mpaka Jumatatu.

Ikabaki pango. Pale kuna pango la mawe, unashuka ngazi, chini kuna maji baridi matamu ambayo wenyeji walikuwa wakichota. Wanawake wakashuka wote wakipiga kelele na kucheka, sauti zao zikirudi kutoka kwenye mawe. Shangazi alisimama juu.

"Karibu, Bi mkubwa, chini kuna ubaridi."

"Mimi niingie shimoni kwa miguu yangu? Siku yangu ya kuingia nitapelekwa, sina haraka."

Akauliza wapi atapata maji ya udhu asali alasiri. Nikamwonyesha nyumba moja ya makuti ng'ambo ya njia, nami nikashuka pangoni kuwaeleza wengine. Nilieleza sana. Nikisikia sauti yangu inarudi kutoka ukutani hupata moyo wa kuendelea.

Jua lilipoanza kulala dereva akapiga honi. Wakapanda. Nikasimama kwenye kimlango cha nyuma. Nyuso zimefunikwa, mabuibui yamejipanga benchi hili na benchi lile, na mwanamume huwezi kuwaambia wanawake wa watu, funueni nikuoneni. Kilichohesabika ni mabuibui. Nikahesabu kutoka mbele kwenda nyuma: kumi na moja. Nikahesabu kutoka nyuma kuja mbele: kumi na moja. Kule kwenye kona ya kidirisha, buibui pana, fupi, limekaa. Nikagonga mbao. "Twende!"

Njiani niliona mambo yamebadilika. Nikamenya chungwa, nikalipitisha kidirishani. Mkono ukalipokea. Nikamenya la pili, likapokelewa pia. Nikamnong'oneza dereva, "Anakula."

"Kiungulia je?"

"Kimepona. Hewa ya shamba."

Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikageuza uso nusu kwenye kidirisha, kwa adabu, nikaongea kwa sauti ya kushinda injini. Nikasema mimi si tajiri lakini sina deni. Nikasema nyumba yetu ina kisima chake. Nikasema mama yangu hana ukali, ila akiwa na njaa. Nikasema msichana atakuwa kama yuko kwao, na kila mwaka nitamleta Pemba kumwangalia shangazi yake. Kwenye kile kidirisha nikaona buibui linaitikia kwa kichwa, taratibu, kila nikimaliza neno. Nikamwambia dereva asipite kwenye mashimo. Hata yeye alikuwa ameguswa, akapunguza mwendo.

Tulipofika Bububu, mbao zikagongwa nyuma. "Shusha hapo!"

Gari likasimama. Nikashuka kwenda kutazama. Kutoka kwenye kona ya heshima akateremka mwanamke mwenye kikapu na chane ya ndizi, akafunua uso wake kujipepea. Sikuwahi kumwona mtu yule katika maisha yangu. Alikuwa na mwanya na tabasamu kubwa.

"Ahsanteni sana, jamani," akasema. "Tokea adhuhuri nangoja gari pale njiani. Nimepanda, wamenikaribisha, wamenipa na kona. Mungu awazidishie." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, maneno yako nimeyasikia yote. Huyo shangazi akikataa, uje kwangu. Nyumba ya pili baada ya msikiti. Nna wasichana watatu, na machungwa tunapenda sote."

Akaenda zake. Ndani ya gari nikamsikia mama.

"Yule hakuwa wa kwenu?"

"Wa kwetu?" akajibu mmoja wa Vikokotoni. "Si wa kwenu yule? Sisi tumemwona kakaa pale tukajua mmemleta nyinyi. Hata tukampa sambusa."

"Na shangazi yenu?"

"Si mlimkalisha upande wenu nyinyi? Mlisema yeye ni mgeni wenu leo!"

Mabuibui yakafunuliwa yote kwa mara moja, adabu ikawekwa pembeni. Nikahesabu. Kumi. Nikahesabu kutoka upande wa pili, nikitaraji labda upande ule una habari nyengine. Kumi.

"Umemwacha!" mama akapiga ukelele. "Umemwacha mgeni Mangapwani! Kesho ana meli!"

"Lahaula!" akasema wa Vikokotoni. "Mtu mzima, mtu wa watu, kaachwa porini kama mzigo."

Nilimwendea dereva. Alikuwa ameshasikia na ameshajiandaa, mikono kifuani. "Mapatano yetu yalikuwa kwenda na kurudi," akaanza. "Kwenda tena ni safari nyengine, na mafuta, na taa yangu moja..."

"Sema unachotaka," nikamwambia.

Akanitazama. "Hunipunguzi?"

"Sikupunguzi."

"Unaumwa?"

Akageuza gari bila kutaja bei. Aliniambia baadaye kuwa hakupenda kufanya biashara na mgonjwa.

Ile njia ya kurudi Mangapwani sikuona hata mnazi mmoja. Niliona Pemba. Niliona habari inashuka kutoka kwenye meli Mkoani, inapanda gari, inafika Chake, inafika Wete, kila kituo inaongezeka kidogo, mpaka mwisho nimemsukuma mwenyewe pangoni. Nilimwona yule msichana akiambiwa. Nyuma walikuwa wakibishana nani alimwona shangazi mara ya mwisho, kila upande ukiupa upande mwengine heshima hiyo. Dereva peke yake ndiye aliyenifariji. "Jua bado lipo," akasema, "na yule mama, ukimwangalia, hachukuliki kirahisi."

Tulipofika, pale kivulini hapakuwa na mtu. Palikuwa na busati letu. Hata hilo tulikuwa tumelisahau, na sikuwa nimeligundua. Nikakimbilia kwenye nyumba ya makuti, nikapiga hodi kabla ya kufika mlangoni.

"Karibu," akasema mwenye nyumba, mwanamke aliyekuwa akikuna nazi. "Mnamtafuta mgeni? Kasali, kanywa maji, kalala kidogo. Kaamka kakuta gari halipo. Yuko pwani na wenziwe."

Nikashuka pwani mbio. Kiatu kimoja kilikatika ukanda mchangani nikakiacha hapo hapo. Maji yalikuwa yametoka mbali, na wanawake wa pale walikuwa wameinama wakiokota chaza baina ya mawe. Katikati yao, buibui limekunjwa limetupwa begani, kanga imefungwa kiunoni, miguu ndani ya maji, alikuwa shangazi. Alikuwa akicheka. Kutwa nzima sikuwa nimesikia kicheko chake, nikadhani ni mtu mwengine, nikaogopa nisije nikakosea kwa mara ya pili.

"Bi mkubwa! Nisamehe, wallahi nisamehe..."

"Ala! Umerudi." Akanyanyua kichwa. "Wenzio wako wapi?"

"Gari zima liko juu."

"Mlifika wapi?"

Ningependa kusema pahali pa karibu. "Bububu."

"Bububu!" Akawatazama wenziwe, wakatazamana. "Na mlipoondoka hapa, hukuhesabu?"

"Nilihesabu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akasimama akaniangalia, kutoka kichwani mpaka kwenye mguu usio na kiatu. Kisha akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka chaza wakamwagika kwenye kanga, na wale wanawake wakacheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilikuwa nimesimama na kiatu changu kimoja. Nilipoinama kumwokotea chaza, akanizuia.

"Waache. Kaa chini nikwambie kitu. Mimi nlikuwa na mume anayehesabu. Asubuhi anahesabu mayai, jioni anahesabu vitunguu, nikitoka kwenda mazikoni ananihesabia muda. Nlikaa naye mpaka alipoondoka duniani, Mungu amrehemu, na hata siku hiyo nlitazama sanda nikasema, angekuwa hai angeipima. Nliapa mwanangu hataingia nyumba ya namna hiyo. Nkasikia posa imeletwa na mtu anayehesabu, na leo nkasikia mpaka njiti za kibiriti."

"Bi mkubwa..."

"Ngoja. Hapana yangu nlitoka nayo Pemba. Nlikuwa naiweka mpaka kesho, nimpe mama yako nikiwa nshakanyaga ngazi ya meli, nisione sura yake."

Maji yalianza kurudi taratibu baina ya mawe.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimeiona hesabu yako. Mtu anayempoteza mtu mwenye mwili kama huu wangu, mchana, ndani ya gari, kisha akaja mbio na kiatu kimoja, huyo vitunguu atavijulia wapi?" Akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Mchukue. Ila ukimhesabia chumvi, nakuja na meli ya kwanza."

Nikakaa kwenye maji badala ya kwenye jiwe, na suruali yangu ya mandari ikala chumvi. Nilikuwa nikijua kushinda kwa kupatana, kwa kucheka, kwa kuondoka na kuitwa. Sikuwahi kushinda kwa kukosea, na sikujua utamu wake.

"Na jengine," akasema tukipanda juu, chaza ndani ya kanga. "Kutwa umenionyesha kuta, nguzo na shimo. Pwani hii ya wenyewe hukunionyesha. Hapa ndipo nilipotembea."

Garini walimpokea kwa vigelegele na lawama pamoja. Mama alilia, kisha akanifokea, kisha alipoambiwa jibu akalia tena. Shangazi akarudi kwenye kona yake. Gari halijamaliza kuondoka, mbao zikagongwa kidirishani.

"Nipo!"

Kila kona, kila shimo, kila mnazi uliokaribia njia, aligonga na kupiga ukelele, "Nipo!" na gari zima likaangua kicheko, dereva naye akijibu kwa honi. Tulipofika Bububu dereva alipunguza mwendo. Yule mama mwenye mwanya alikuwa barazani kwake, akasimama.

"Mmempata?"

"Tumempata!"

"Kakubali?"

Sauti ikatoka nyuma kabla yangu. "Nipo, na nimekubali!"

"Haya," akasema yule mama, amesikitika kidogo. "Lakini harusini nitakuja. Kona yangu naijua."

Na alikuja, na akapewa.

Vikokotoni tulifika baada ya magharibi. Nikasimama kwenye kimlango, taa ya dukani ikimulika kidogo, nikawahesabu wakishuka mmoja mmoja, nyuso zimefunikwa tena kama inavyotakiwa. Sikuwa na aibu. Kazi ni kazi. Mama akapita, jamaa zake wakapita, wa Vikokotoni wakapita. Nikamaliza, nikabaki nimesimama. Kumi na wawili. Nikatazama ndani ya gari: tupu. Nikatazama njiani: mabuibui yanaingia mlangoni, na moja, pana, fupi, likitikisika mabega. Alikuwa ameshuka, akazunguka gari kwa mbele, akapita mbele yangu mara ya pili.

Dereva alikuwa akinisubiri nimlipe. "Wametimia?" akauliza.

"Wamezidi," nikamwambia, na nikampa bila kupatana.